Abraham Lincoln na Tamko la Uhuru wa Marekani

Abraham Lincoln na Tamko la Uhuru wa Marekani ni mada katika historia ya Marekani inayohusu jinsi rais wa 16 wa nchi hiyo, Abraham Lincoln (12 Februari 1809 – 15 Aprili 1865), alivyolielewa na kulitumia Tamko la Uhuru la mwaka 1776. Alilitumia kwanza kupinga kuenea kwa utumwa, kisha kueleza sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865), na hatimaye kuunga mkono kukomeshwa kwa utumwa katika nchi nzima.

Kiini cha mada hii ni sentensi moja ya Tamko hilo. Inasema kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba Muumba amewapa haki zisizoweza kuondolewa, zikiwemo uhai, uhuru na kutafuta furaha. Wengi kati ya wajumbe 56 waliotia sahihi walikuwa wanamiliki watumwa. Kwa sababu hiyo Wamarekani wamebishana tangu mwanzo kama sentensi hiyo ilikuwa ahadi kwa binadamu wote, au maneno ya wakati ule yaliyowahusu watu weupe peke yao. Lincoln alishikilia kwamba ilikuwa ahadi. Hata hivyo yeye mwenyewe, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hakukubali matokeo yake yote. Ndiyo maana mada hii bado inajadiliwa katika makongamano ya wanahistoria hadi leo.

Tamko la mwaka 1776 na utumwa

Tamko la Uhuru lilipitishwa na Kongresi ya makoloni 13 ya Uingereza mjini Philadelphia tarehe 4 Julai 1776. Liliandaliwa na kamati ya watu watano: Thomas Jefferson, John Adams, Benjamin Franklin, Roger Sherman na Robert Livingston. Rasimu iliandikwa hasa na Jefferson, ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Katika rasimu yake alikuwa ameweka aya iliyomlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa, lakini wajumbe waliifuta kabla ya kupitisha waraka.

Ikumbukwe pia kwamba neno la Kiingereza lililotumika katika sentensi ya usawa linaweza kumaanisha "wanaume" au "binadamu". Kiswahili "watu" hakionyeshi utata huo. Tangu zamani wasomaji wa Tamko waliulizana kama linawahusu watu weusi, na pia kama linawahusu wanawake. Mwezi Julai 1848 mkutano wa kutetea haki za wanawake huko Seneca Falls, jimbo la New York, ulitoa tamko lililofuata muundo wa lile la mwaka 1776, lakini likiwataja wanaume na wanawake pamoja.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, haikutaja neno "mtumwa", lakini iliulinda utumwa kwa njia tatu:

- Watumwa walihesabiwa kwa kiwango cha tatu ya tano ya idadi yao katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Hivyo majimbo ya kusini yalipata wabunge zaidi kwa ajili ya watu wasio na haki ya kupiga kura.
- Kongresi ilizuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kutoka nje hadi mwaka 1808.
- Mtumwa aliyetorokea jimbo lingine alitakiwa kurudishwa kwa mmiliki wake.

Waasisi wengi walidhani utumwa ungefifia wenyewe. Mambo yalikwenda kinyume. Baada ya kubuniwa kwa mashine ya kutenganisha pamba na mbegu mwaka 1793, kilimo cha pamba kilienea kusini, na mahitaji ya watumwa yakaongezeka. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa takribani 700,000. Ile ya mwaka 1860 ilihesabu karibu milioni 4.

Ubishi juu ya maana ya usawa

Kadiri utumwa ulivyozidi kuleta faida, ndivyo watetezi wake walivyoanza kulikana Tamko waziwazi. Mwaka 1848 seneta John C. Calhoun wa South Carolina alidai katika Seneti kwamba wazo la watu kuzaliwa huru na sawa ni kosa la hatari. Mwaka 1854 seneta John Pettit wa Indiana aliuita usawa huo uongo ulio dhahiri, akigeuza maneno ya Tamko linalouita ukweli ulio dhahiri.

Kwa upande mwingine, wapinzani wa utumwa walilitumia Tamko kama shitaka. Tarehe 5 Julai 1852, mjini Rochester, Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kutoroka, aliwauliza wasikilizaji wake weupe sherehe ya uhuru wao ina maana gani kwa mtumwa. Alisifu misingi ya waasisi, lakini alionyesha kwamba taifa linaisherehekea huku likiikanyaga.

Lincoln kabla ya urais

Lincoln alizaliwa Kentucky, jimbo la watumwa, katika familia ya wakulima, akakulia Indiana na kuhamia Illinois. Alisoma shule kwa muda mfupi sana, akajifunza sheria mwenyewe na kuwa wakili mjini Springfield. Alitumikia kipindi kimoja katika Baraza la Wawakilishi (1847–1849), kisha akarudi kwenye uwakili.

Kilichomrudisha kwenye siasa ni Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854, iliyotungwa na seneta Stephen A. Douglas wa Illinois. Sheria hiyo ilifuta makubaliano ya mwaka 1820 yaliyokataza utumwa katika sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi, ikawaachia walowezi weupe wa kila eneo kuamua kwa kura. Katika hotuba aliyoitoa Peoria tarehe 16 Oktoba 1854, Lincoln alijibu kwamba kumtawala mwingine bila ridhaa yake si kujitawala tena, bali ni udhalimu. Alirudi kwenye Tamko, akisema kama mtu mweusi ni binadamu, basi hakuna haki ya kimaadili ya mtu mmoja kumfanya mwingine mtumwa.

Hukumu ya Dred Scott

Tarehe 6 Machi 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa sababu mmiliki wake alikuwa amemwishisha katika maeneo yaliyokataza utumwa. Jaji mkuu Roger Taney aliandika kwamba watu weusi, wawe watumwa au huru, hawakuwa raia wa Marekani, na kwamba waandishi wa Tamko hawakukusudia kuwajumuisha. Hoja yake ilikuwa hivi: kama waasisi wangewakusudia watu weusi, mwenendo wao wa kumiliki watumwa ungepingana na maneno yao wenyewe.

Lincoln alijibu mjini Springfield tarehe 26 Juni 1857. Kwanza alitaja ushahidi uliotolewa na jaji Benjamin Curtis, mmoja wa majaji wawili waliopinga hukumu: katika majimbo matano ya mwanzo watu weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura, hivyo walikuwa sehemu ya watu walioiunda nchi. Pili alieleza jinsi alivyolielewa Tamko. Waasisi hawakusema kwamba watu wako sawa katika kila jambo, kama vile rangi, kimo au akili. Walisema wako sawa katika haki fulani za msingi. Wala hawakudai kwamba usawa huo ulikuwepo tayari mwaka 1776, au kwamba walikuwa na uwezo wa kuuleta mara moja. Waliweka kipimo ambacho jamii huru ingekitazama daima na kukikaribia hatua kwa hatua, hata kama haitakifikia kikamilifu.

Maelezo haya ndiyo mchango mkubwa wa Lincoln katika mada hii. Taney alipima maneno ya waasisi kwa matendo yao. Lincoln alitaka matendo ya taifa yapimwe kwa maneno hayo.

Midahalo na Douglas

Mwaka 1858 Lincoln aligombea useneta wa Illinois kupitia chama kipya cha Republican dhidi ya Douglas wa chama cha Democratic. Kati ya tarehe 21 Agosti na 15 Oktoba walifanya midahalo saba ya hadhara katika miji ya Ottawa, Freeport, Jonesboro, Charleston, Galesburg, Quincy na Alton.

Douglas alisema Tamko lilikusudia tu kwamba Waingereza waliozaliwa Amerika wako sawa na Waingereza waliozaliwa Uingereza. Katika hotuba ya Chicago ya tarehe 10 Julai mwaka huohuo, Lincoln alikuwa amewaelekezea hoja wahamiaji kutoka Ujerumani, Ireland, Ufaransa na nchi za Skandinavia. Watu hao, alisema, hawana undugu wa damu na waliopigania uhuru. Lakini wanapolisoma Tamko wanajikuta wana haki ya kujiita warithi wake, kwa kuwa linasema habari za binadamu wote. Likisomwa kwa maana ya Douglas, linawafungia nje hata wao.

Lincoln hakupata kiti hicho, kwa kuwa wakati ule maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, na bunge la Illinois lilimrudisha Douglas. Lakini midahalo ilimfanya ajulikane nchi nzima.

Mipaka ya usawa katika mawazo ya Lincoln

Katika mdahalo wa nne, uliofanyika Charleston tarehe 18 Septemba 1858, Lincoln alisema hapendelei usawa wa kijamii na kisiasa kati ya watu weupe na weusi. Alitaja kwamba haungi mkono watu weusi kupiga kura, kuwa wazee wa baraza mahakamani, kushika vyeo au kuoana na watu weupe. Kwa maoni yake wakati huo, haki za Tamko zilimpa mtu mweusi uhuru wa mwili wake na jasho lake, bila kumpa uraia kamili.

Kwa miaka mingi pia aliunga mkono mpango wa kuwahamishia watu weusi walioachwa huru nje ya Marekani kwa hiari yao. Tarehe 14 Agosti 1862, akiwa rais, aliwapokea wajumbe weusi ikulu na kuwashauri waongoze uhamiaji kwenda Amerika ya Kati. Viongozi wengi weusi, akiwemo Douglass, walipinga vikali: walizaliwa Marekani, na hiyo ndiyo ilikuwa nchi yao.

Tamko na Katiba

Swali gumu kwa Lincoln lilikuwa uhusiano wa nyaraka mbili za mwanzo. Tamko lilitangaza usawa, lakini halikuwa sheria. Katiba ilikuwa sheria, lakini iliulinda utumwa. Baadhi ya wapinzani wa utumwa, kama William Lloyd Garrison, waliikataa Katiba kabisa. Lincoln hakukubaliana nao. Aliamini rais hana mamlaka ya kuuondoa utumwa katika majimbo ambako ulikuwepo kisheria, ila Kongresi ina mamlaka ya kuuzuia usienee. Katika hotuba yake ya New York ya tarehe 27 Februari 1860 alichunguza rekodi za wajumbe 39 waliotia sahihi Katiba. Alionyesha kwamba 21 kati yao walitenda kwa namna iliyothibitisha kuwa serikali ya taifa inaweza kudhibiti utumwa katika maeneo ya magharibi.

Katika andiko fupi ambalo hakulichapisha, la wakati wa kuchaguliwa kwake, Lincoln alitumia mfano kutoka kitabu cha Mithali 25:11. Msingi wa Tamko, aliandika, ni tunda la dhahabu. Muungano na Katiba ni chombo cha fedha kilichotengenezwa kulizunguka na kulihifadhi. Chombo kimefanywa kwa ajili ya tunda, si tunda kwa ajili ya chombo.

Lincoln alichaguliwa kuwa rais tarehe 6 Novemba 1860 kwa takribani asilimia 40 ya kura, katika uchaguzi wa wagombea wanne. Majimbo saba ya kusini yalijitenga kabla hajaapishwa, South Carolina likitangulia tarehe 20 Desemba. Akiwa safarini kwenda Washington, tarehe 22 Februari 1861, alisimama Philadelphia katika jengo ambamo Tamko lilitiwa sahihi. Alisema mawazo yake yote ya kisiasa yametokana na waraka huo. Siku chache baada ya kuapishwa kwake, tarehe 21 Machi, makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, Alexander Stephens, alitangaza mjini Savannah kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya msingi ulio kinyume: kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mtu mweupe, na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Hivyo pande zote mbili zilikiri kwamba ugomvi ulihusu sentensi ileile.

Vita na ukombozi

Vita vilianza tarehe 12 Aprili 1861 kwa shambulio dhidi ya ngome ya Fort Sumter. Mwanzoni Lincoln alisema lengo ni kuuokoa Muungano. Alihofia kupoteza majimbo manne ya mpakani yenye watumwa ambayo hayakujitenga: Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri. Katika barua kwa mhariri Horace Greeley ya tarehe 22 Agosti 1862 aliandika kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwacha huru mtumwa yeyote, angefanya hivyo; na kama angeweza kwa kuwaacha wote huru, angefanya hivyo pia. Alimalizia kwa kusema hayo ni wajibu wake kama rais, na hayabadilishi matakwa yake binafsi kwamba watu wote popote wawe huru. Ukweli ni kwamba mwezi mmoja kabla ya barua hiyo alikuwa amekwisha kuwasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo la ukombozi.

Watumwa wenyewe hawakusubiri. Tangu miezi ya kwanza ya vita maelfu walitoroka mashambani na kuingia katika kambi za jeshi la kaskazini, wakailazimisha serikali kuamua kama itawarudisha au itawapokea. Mwezi Aprili 1862 Kongresi ilifuta utumwa katika mji mkuu, Washington.

Tangazo la Ukombozi lilitolewa rasmi tarehe 1 Januari 1863. Liliwatangaza huru watumwa wa maeneo yaliyokuwa katika uasi, na kuruhusu watu weusi kuingia jeshini. Halikugusa majimbo manne ya mpakani, kwa kuwa lilitegemea mamlaka ya rais kama amiri jeshi mkuu wakati wa vita. Lugha yake ni ya kisheria, na halikutaja usawa wa binadamu. Hata hivyo watu weusi wapatao 180,000 walitumikia katika jeshi la kaskazini, na baada ya hapo haikuwezekana tena kuurudisha Muungano kama ulivyokuwa.

Hotuba ya Gettysburg

Tarehe 1–3 Julai 1863 majeshi mawili yalipigana Gettysburg, Pennsylvania. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea wanakadiriwa kuwa takribani 50,000. Tarehe 19 Novemba Lincoln alihudhuria uzinduzi wa makaburi ya askari. Msemaji mkuu, Edward Everett, alizungumza kwa muda wa saa mbili. Lincoln alisema maneno yasiyozidi 300.

Alianza kwa kuhesabu miaka 87 nyuma. Hesabu hiyo inamrudisha msikilizaji mwaka 1776, yaani kwenye Tamko, na si mwaka 1787, yaani kwenye Katiba. Pia alibadilisha namna ya kulitaja jambo lenyewe. Katika Tamko usawa ni ukweli ulio dhahiri. Katika hotuba ya Gettysburg ni hoja ambayo taifa limejitoa kwayo, na ambayo vita vinajaribu kama itadumu. Ukweli ulio dhahiri hauhitaji kuthibitishwa, lakini hoja huhitaji, na kazi ya kuithibitisha aliwaachia walio hai.

Si wote waliopendezwa. Gazeti la Chicago Times lilimlaumu kwamba amewasingizia askari waliokufa, kwa kuwa walipigania Katiba, ambayo ilitambua utumwa, na si usawa wa rangi zote.

Marekebisho ya Katiba na kifo cha Lincoln

Kwa kuwa Tangazo la Ukombozi lilikuwa hatua ya kivita, mahakama zingeweza kulibatilisha baada ya amani. Lincoln aliunga mkono marekebisho ya 13 ya Katiba, yanayopiga marufuku utumwa katika nchi nzima. Seneti iliyapitisha tarehe 8 Aprili 1864, na Baraza la Wawakilishi tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56. Yaliidhinishwa na majimbo ya kutosha tarehe 6 Desemba 1865. Hapo ndipo kanuni ya Tamko ilipoanza kuwa sheria.

Tarehe 11 Aprili 1865, katika hotuba yake ya mwisho, Lincoln alisema hadharani kwamba angependa baadhi ya watu weusi wapewe haki ya kupiga kura, hasa wenye elimu na wale waliotumikia jeshini. Ilikuwa hatua ndogo, lakini ilipita mpaka aliouweka mwenyewe huko Charleston miaka saba kabla. Kati ya wasikilizaji alikuwepo John Wilkes Booth, mwigizaji aliyeunga mkono kusini. Siku tatu baadaye Booth alimpiga Lincoln risasi katika ukumbi wa Ford's Theatre mjini Washington, naye akafariki asubuhi ya tarehe 15 Aprili.

Marekebisho ya 14 (1868) yalitambua uraia wa kila aliyezaliwa Marekani na ulinzi sawa wa sheria, na hivyo kufuta hukumu ya Dred Scott. Marekebisho ya 15 (1870) yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Baadaye majimbo ya kusini yalitumia kodi za kura, mitihani ya kusoma na vitisho kuzivunja haki hizo kwa karibu karne nzima.

Tathmini ya Frederick Douglass

Douglass alikutana na Lincoln mara tatu kati ya miaka 1863 na 1865. Tarehe 14 Aprili 1876 alihutubia mjini Washington katika uzinduzi wa sanamu ya Lincoln iliyogharimiwa na michango ya watu waliotoka utumwani. Mbele ya rais Ulysses S. Grant alisema bila kuficha kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe, na watu weusi walikuwa kwake kama watoto wa kambo. Akipimwa kwa hamu ya wapinzani wa utumwa, Lincoln alionekana mzito na baridi. Akipimwa kwa fikra za wananchi wenzake weupe, ambao kama kiongozi alipaswa kuwasikiliza, alikuwa mwepesi na thabiti. Wanahistoria wengi wanaiona hotuba hiyo kuwa miongoni mwa tathmini zenye uwiano zaidi kuhusu Lincoln.

Makongamano na mijadala ya wanahistoria

Utafiti wa mada hii una vituo vyake. Chama cha Abraham Lincoln Association kilianzishwa mjini Springfield mwaka 1908 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake, na huandaa shughuli za kitaaluma karibu na tarehe 12 Februari. Lincoln Forum, iliyoanzishwa mwaka 1996, hukutana Gettysburg kila mwezi Novemba, karibu na siku ya hotuba. Mwaka 1953 mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Lincoln ulichapishwa chini ya uhariri wa Roy P. Basler. Mkusanyo huo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi, kwa sababu misemo mingi inayosambazwa kwa jina la Lincoln si yake.

Mijadala mikuu katika mikutano na vitabu ni hii:

- Je, Lincoln aliwaelewa waasisi kwa usahihi? Harry V. Jaffa, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alitetea kwamba Lincoln aliifikisha misingi ya waasisi mahali ilipoelekea. Wahafidhina wengine, kama Willmoore Kendall na M. E. Bradford, walisema aliupotosha urithi huo kwa kuufanya usawa kuwa lengo la taifa.
- Je, alilibadilisha taifa kwa maneno? Garry Wills (1992) alieleza kwamba hotuba ya Gettysburg iliwafanya Wamarekani waisome Katiba kupitia Tamko. Pauline Maier (1997) alionyesha kwamba maana mpya ya Tamko ilijengwa na watu wengi kabla ya Lincoln, wakiwemo wapinzani wa utumwa.
- Je, alikuwa mkombozi kweli? Richard Hofstadter (1948) alilibeza Tangazo la Ukombozi kwa ukavu wa lugha yake. Lerone Bennett Jr. (2000) alidai kwamba Lincoln alikuwa mbaguzi aliyesukumwa na matukio. Eric Foner (2010) alisisitiza kwamba jambo la kutazama ni uwezo wake wa kubadilika.
- Je, usawa uliwahusu wenyeji wa asili? Tamko lenyewe linawataja kwa dharau. Mwezi Desemba 1862 watu 38 wa kabila la Dakota walinyongwa siku moja huko Minnesota kwa idhini ya Lincoln, ingawa alikuwa amepunguza orodha ya waliohukumiwa kutoka 303.

Urithi

Jengo la kumbukumbu ya Lincoln mjini Washington lilizinduliwa tarehe 30 Mei 1922, na siku hiyo wasikilizaji weusi walitengewa sehemu yao ya kukaa. Tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya jengo hilohilo, Martin Luther King aliwaambia watu zaidi ya 200,000 kwamba Tamko na Katiba ni kama hati ya ahadi ya malipo ambayo taifa bado halijawalipa raia wake weusi. Hoja hiyo ilifuata njia ya Douglass na Lincoln: haikuomba msingi mpya, bali ilidai ule wa zamani utekelezwe.

Nje ya Marekani, Ho Chi Minh alianza tangazo la uhuru wa Vietnam tarehe 2 Septemba 1945 kwa maneno ya Tamko la mwaka 1776. Mwaka 2007 Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alitangaza kugombea urais mbele ya bunge la zamani la Springfield, ambamo Lincoln alihutubia mwaka 1858. Na mwaka 2009 aliapa kwa Biblia iliyotumiwa na Lincoln mwaka 1861.

Tazama pia

- Katiba ya Marekani
- Frederick Douglass
- Martin Luther King
- Orodha ya Marais wa Marekani
- Utumwa
- Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani